Wilaya Iliyovimba Kuliko Zote

Nchi yetu ni nzuri, na mtu akisema si nzuri huulizwa kwa upole alikuwa amesimama wapi alipoitazama. Sisi wa Wilaya ya Usikile tulikuwa tumesimama pembeni kabisa, kule ambako barabara ya lami inageuka kuwa ya changarawe, ya changarawe inageuka kuwa ya vumbi, na ya vumbi inakata tamaa. Katika ramani ya zamani, ile iliyotundikwa madarasani, wilaya yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba jina lake halikuenea ndani. Waliliandika nje, juu ya wilaya jirani ya Mheta, wakachora mshale. Watu wa Mheta hawakupenda, lakini sisi tulijitahidi tusigombane nao, kwa sababu hospitali ilikuwa kwao.

Jirani yangu Kasubi alikuwa fundi mwashi. Nyumba zilizonyooka hapa kwetu amezijenga yeye, na zilizopinda ni za wale walioshindwa kumngoja. Mkewe, Nyamizi, alipata mimba ya pili miaka mingi baada ya ile ya kwanza, wakati binti yao Wande ameshakuwa msichana wa kuwasuka wenzake nywele. Uchungu ulipomshika ulikwenda vibaya. Wakampandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka Mheta, Kasubi akitembea pembeni huku amemshika mkono. Walipofika katikati ya Mto Ruhuni, ambao majira yale ulikuwa mchanga mtupu, Nyamizi alimwomba mumewe asimamishe ng'ombe kidogo, maana mtikisiko ulikuwa unamuumiza. Kasubi akawasimamisha. Alipotaka kuwaondoa tena, mkewe hakuwa na haja ya kufika. Mtoto naye hakuzaliwa.

Msiba ulipokwisha, Kasubi alichukua kamba na vigingi akaenda kupima kiwanja karibu na kisima.

"Unajenga nini, fundi?" tukamuuliza.

"Zahanati."

"Ya nani?"

"Ya wanawake," akasema, akaendelea kupima.

Serikali yetu ina utaratibu mzuri sana katika mambo haya: wananchi wanajenga kuta, yenyewe inaezeka. Basi tukafyatua matofali, tukachoma, wanawake wakasomba maji na mchanga, na Kasubi akapandisha ukuta mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha. Kisha akavaa shati lake safi, akaenda kumwarifu Mkuu wa Wilaya, Bwana Matonange.

"Safi sana," Bwana Matonange akasema. "Sasa mnasubiri."

"Tunasubiri nini, Mheshimiwa?"

"Mnasubiri tu. Hatua inayofuata ndiyo hiyo."

Tukasubiri. Majani yakaota vyumbani. Mbuzi wa majirani wakaanza kuzalia mle ndani, nao walitoka salama, wao na watoto wao.

*

Wakati huo, huko Mji Mkuu, Idara ya Ramani ilikuwa imempokea mtaalamu mpya, Bi Zamaradi, binti aliyetoka masomoni ng'ambo na elimu ambayo haikuwahi kuonekana kwetu. Alijua kuchora ramani zisizojali ukubwa wa ardhi. Ukimpa takwimu za kitu chochote, utajiri, shule au ugonjwa, yeye huipanua nchi yenye kingi na kuibana yenye kidogo, mpaka dunia nzima ibadilike sura. Na bado unaitambua, kama unavyomtambua ndugu yako aliyevimba shavu kwa jino.

Zamaradi alikuwa na nia moja. Alikuwa amekusanya habari za wanawake wanaokufa wakijifungua, na aliamini wakubwa hawashtuki kwa tarakimu kwa sababu tarakimu hazina umbo. Wakiona umbo, alisema, watashtuka.

Akaitwa Ikulu kuonyesha kazi yake mbele ya Mlezi wa Taifa. Sisi hatuna Rais. Tulikuwa naye zamani, ila aligundua kwamba cheo hicho kina muhula.

Ramani ya kwanza ilikuwa ya dunia kwa utajiri. Nchi za kaskazini zilikuwa zimeumuka kama maandazi, na nchi yetu ilikuwa uzi. Mlezi akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Nani ametukalia?" akauliza.

Waziri wa Ardhi akasema uchunguzi utaanza mara moja.

Zamaradi akaharakisha kufunua ya pili, ya dunia kwa vifo vya uzazi. Sasa wale wa kaskazini walikuwa wamekauka kama dagaa. Bara letu lilijaa ukuta, na ndani yake nchi yetu imenenepa, imetoa kifua. Kabla binti hajafungua mdomo kueleza, Mlezi alikuwa amesimama.

"Hii sasa ndiyo ramani!"

Wote wakasimama, makofi yakapigwa mpaka vioo vikatetemeka.

"Na ndani ya nchi, hali ikoje?"

Zamaradi akafunua ya tatu. Wilaya moja ilikuwa imemeza theluthi ya nchi. Mji Mkuu, wenye hospitali zake na madaktari wake, ulionekana kama punje ya ulezi.

"Wilaya gani hii?"

"Usikile, Mlezi. Lakini ukubwa huu maana yake ni kwamba..."

"Usikile! Na miaka yote hii mnanificha!"

Makofi yakaanza upya. Ukumbi ulipotawanyika, Zamaradi alimfuata Waziri mpaka kwenye gari.

"Mheshimiwa, Mlezi hakuelewa. Ule ni ukubwa wa vifo."

"Najua. Nilisoma kichwa cha ramani."

"Basi tumwambie."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tumeshapiga makofi, dada yangu. Utayarudisha vipi mikononi mwa watu?"

Wiki hiyohiyo Zamaradi alipandishwa cheo, na neno "vifo" likaondolewa kwenye kichwa cha ramani, kwa kuwa lilikuwa linabana nafasi.

*

Bwana Matonange aliitwa Mji Mkuu kupongezwa. Alirudi amebadilika hata mwendo. Sasa alikuwa anatembea kwa kutanua mikono, kama mtu anayepita kwenye shamba lake. Tukakusanywa uwanja wa shule, matarumbeta yakalia, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Tulidharauliwa. Tuliandikwa nje, kwa mshale! Leo tumepanuka. Hatukupanuka kwa vita, wala hatukumnyang'anya mtu shamba lake. Tumepanuka tukiwa tumekaa!"

Tukapiga vigelegele. Wengi wetu tulidhani barabara inakuja.

Kisha zikaitwa familia zilizotoa mchango katika upanuzi. Wakapita wanaume waliofiwa na wake zao, mmoja baada ya mwingine, wameshika kofia mikononi. Kila mmoja alivikwa Nishani ya Upanuzi Daraja la Pili. Daraja la Kwanza alivikwa Bwana Matonange mwenyewe, ambaye mkewe alikuwa amejifungulia ng'ambo, mapacha, wazima kabisa.

Kasubi alipofikiwa alikisogelea kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mimi sikutoa mchango. Mimi mke wangu alikufa."

"Ndicho hasa tunachokuheshimia."

"Basi naomba mabati."

Bwana Matonange alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamshika Kasubi bega. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikasikia.

"Kasubi, ndugu yangu, hebu fikiri. Zahanati ikifunguliwa wanawake watapona. Wakipona, wilaya inasinyaa. Unataka kuwaambia watoto wako kwamba wewe ndiye uliyeturudisha kwenye mshale?"

"Nina mtoto mmoja, Mheshimiwa."

"Basi mwambie huyohuyo."

*

Wilaya nyingine zilituonea wivu, na mtu hawezi kuzilaumu. Mkuu wa Mheta aliitwa Mji Mkuu akaulizwa mbele ya wenzake kwa nini wilaya yake imekonda hivyo. Aliporudi aliifunga wodi ya wazazi kwa ajili ya ukarabati, mafundi wasionekane, na wakunga akawahamishia idara ya mifugo kuchanja kuku. Wilaya nyingine iliuza gari lake la wagonjwa, ikanunua bendera. Ramani ya mwaka uliofuata ilipotoka, Mheta walikuwa wamenenepa kidogo, wakacheza ngoma.

Mwaka huo ndipo Wande alipopata mimba. Alikuwa ameolewa na kijana mpole aitwaye Lukelo, wakaishi nyumba ya pili kutoka kwa baba yake, maana Wande alikataa katakata kuolewa mbali. Kasubi alikuwa amepanga kumpeleka Mheta mapema akakae karibu na hospitali. Aliposikia wodi imefungwa, alikwenda kwa Mama Sikitu, muuguzi mstaafu aliyewazalisha nusu ya watu wa hapa kwetu.

"Baba Wande, mikono ninayo," Mama Sikitu akamwambia. "Lakini mikono peke yake haizuii damu. Nahitaji mahali safi, maji, na sindano za kuzuia damu. Hizo sindano ndizo zinazonikosesha usingizi."

Asubuhi moja lori likaingia kijijini limejaa mabati. Likapita maduka, likapita ofisi, likasimama mbele ya kuta za Kasubi.

Hapo ndipo nilipomwona Kasubi akilia kwa mara ya kwanza. Hakulia alipomzika Nyamizi. Sasa alikaa chini kwenye mchanga, akafunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika, na dereva wa lori akasimama pale hajui afanye nini na shehena yake.

Alipanda juu mwenyewe na nyundo, Lukelo akimpa misumari. Wande alikuja na sufuria la uji, mkono mmoja kiunoni, akaita kutoka chini.

"Baba, shuka unywe uji!"

"Nitakunywa siku utakayojifungulia humu!"

"Basi utakonda!"

Tulicheka wote, na Kasubi alicheka zaidi yetu, akipiga misumari bila mpangilio. Kuezeka kulipokwisha, alisakafia, akapiga lipu, akapaka chokaa, bila kudai chochote. Chumba cha kujifungulia alikiwekea dirisha pana upande wa mashariki kwa sababu Mama Sikitu alisema anahitaji mwanga.

Siku ya ufunguzi Bwana Matonange alikuja na lori jingine. Tukajua ni vitanda. Askari wakashusha turubai refu lililoviringishwa, wakalibeba mabegani kama wamebeba chatu, wakaingia nalo ndani. Lilikuwa ile ramani, imechapishwa kwa ukubwa uliostahili. Usikile haikuenea ukutani, kwa hiyo wakavunja ukuta uliotenga chumba cha kujifungulia. Dirisha la mashariki wakaliziba kwa mbao ili jua lisipaushe rangi.

"Makumbusho ya Ukubwa wa Wilaya," Bwana Matonange akasoma kibao, akatugeukia. "Tulitafuta kote, hakukuwa na jengo jingine lenye kuta imara namna hii. Tunamshukuru sana fundi wetu."

Kasubi alikuwa bado na chokaa kwenye nyusi.

"Mheshimiwa, wanawake watazalia wapi?"

"Pale wanapozalia siku zote, Kasubi. Tusiharibu kinachotupa nguvu."

Lukelo, kwa kuwa alikuwa mkwe wa mwenye nishani, aliajiriwa kuwa mlinzi wa makumbusho. Akapewa sare na ufunguo.

*

Uchungu ulimshika Wande mchana, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Nyumba yao ilikuwa inavuja juu ya kitanda. Mama Sikitu alifika, akatazama maji yanayochuruzika ukutani, akamgeukia Lukelo.

"Mwanangu, hapa kwetu kuna sakafu moja tu iliyo safi na kavu. Na ufunguo unao wewe."

Lukelo akauchukua ufunguo. Alimbeba mkewe, tukawafunika kwa turubai dogo, akaenda akafungua. Wakamlaza Wande kwenye mkeka chini ya ramani. Mimi na Kasubi tulikaa nje barazani. Kila Wande alipopiga kelele, Kasubi alikuwa anapapasa lipu ya ukuta kwa kiganja, kama vile anatafuta palipopasuka.

Kisha mtoto akalia. Tulirukaruka kama wendawazimu, tukakumbatiana kwenye mvua. Ndani, Mama Sikitu akasema, "Leteni vitambaa." Tukapeleka. Akasema, "Leteni vingine." Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Lukelo alitoka mbio kwenda kwa Bwana Matonange kuomba gari. Mto ulikuwa umejaa, na ng'ombe wasingeweza kuuvuka, lakini gari la Mkuu wa Wilaya lingeweza kuzunguka kwa daraja la mbali mpaka wilaya ya tatu, ambako palisemekana bado kuna daktari. Gari lilikuwepo, limefunikwa vizuri. Dereva alimweleza kwamba linatoka kwa shughuli za kiserikali tu. Bwana Matonange akatokea mlangoni akiwa na kikombe cha chai, akamwona Lukelo kavaa sare yenye damu.

"Wewe si ndiye mlinzi? Makumbusho umemwachia nani?"

Lukelo, kijana asiyejua uongo, akaeleza kila kitu. Akawekwa mahabusu hapohapo kwa kosa la kuruhusu jengo la taifa litumike kwa shughuli isiyo ya maonyesho.

Mama Sikitu alimwita Kasubi aingie. Nilimfuata mpaka mlangoni. Wande alikuwa amelala kimya, mtoto kifuani, na rangi yake imemtoka.

"Baba," akasema, "mbona humu giza?"

"Wameliziba dirisha, mwanangu."

"Ulilijenga vizuri lile dirisha."

"Nitalifungua. Ngoja, nalifungua sasa hivi."

Akakimbilia dirishani, akaanza kung'oa zile mbao kwa mikono, maana nyundo hakuwa nayo. Mbao ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, mwanga wa mvua ukaingia. Mama Sikitu alikuwa amepiga magoti, amekandamiza kwa nguvu zake zote, machozi yakimdondokea mikononi. Kasubi alipong'oa mbao ya mwisho akageuka, Mama Sikitu alikuwa ameacha kukandamiza.

*

Bwana Matonange alikuja msibani mwenyewe, jambo ambalo si viongozi wote hulifanya. Alivua kofia, akampa Kasubi mkono.

"Pole sana, Kasubi. Na hongera."

Akamkabidhi Nishani ya Upanuzi Daraja la Kwanza, akimweleza kwamba hakuna raia wa kawaida aliyewahi kuipata. Kasubi aliipokea, kwa kuwa siku ile mikono yake ilikuwa inapokea chochote: sahani, mkono wa pole, mtoto, nishani. Akamuuliza Mkuu wa Wilaya kama Lukelo anaweza kuruhusiwa aje kumzika mkewe. Bwana Matonange akasema ombi hilo ni zuri na litafanyiwa kazi. Lukelo alitolewa mahabusu kaburi likiwa limeshaanza kuota majani. Alisimama pale siku nzima na sare yake ileile, kisha akaondoka kwenda kusikojulikana, wala hatukumzuia.

Baadaye Bi Zamaradi akaletwa kutoka Mji Mkuu na sanduku la rangi. Mlezi alikuwa ameagiza ramani za wilaya zisahihishwe kila mwaka ili wananchi waone maendeleo. Hatukuwa tumewahi kumwona. Tulitegemea mtu mwenye kitambi, na badala yake akashuka msichana mwembamba aliyekuwa akiogopa kututazama usoni.

Kasubi alimfuata makumbusho, amembeba mjukuu wake. Mimi nilikwenda nao nimeshika chupa ya maziwa ya mtoto, kwa sababu siku hizo hatukuwa tunamwacha Kasubi peke yake.

"Ndiye wewe uliyeichora?" Kasubi akamuuliza.

"Ni mimi, baba."

"Ulikuwa unatutakia nini?"

Zamaradi alijaribu kusema, ikambidi aanze upya. "Nilitaka waone aibu. Nilidhani wakiona jinsi mnavyokufa, watawaletea dawa. Nilieleza, baba. Naapa nilieleza. Walikuwa wanapiga makofi."

Kasubi aliitikia kwa kichwa taratibu. Hata sisi tulipiga, nikataka kumwambia yule binti, ila sikusema.

"Na leo umetumwa kufanya nini?"

"Kuongeza," Zamaradi akanong'ona. "Waliofariki mwaka huu."

"Wande yumo?"

"Yumo."

"Basi ongeza, nimwone."

Binti yule akachovya brashi. Alilia wakati wote alipokuwa anachora, lakini mkono wake ulikuwa wa mtu aliyesoma, haukukosea. Akauvuta mstari mmoja mwembamba kwenye mpaka wetu na Mheta, pale unapopita Mto Ruhuni, akaondoa brashi.

Kasubi akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akasogea karibu. Akaupima ule mstari kwa kidole gumba bila kuugusa, rangi isije ikachafuka.

"Mbona mwembamba hivi?" akauliza. Hakuwa na hasira; aliuliza kama fundi anayeuliza vipimo. "Wande alikuwa mrefu, binti. Mlangoni kwangu alikuwa anaingia kwa kuinama. Kila siku nikimwambia nitaunyanyua ule mlango, na mpaka leo sijaunyanyua."